Mama Kochi na Swali la Tisa

Siku mwanamke wa chemba ya biashara alipoingia kwenye safu ya karakana na daftari kwapani, mafundi karibu wote walipata shughuli za ghafla. Fundi baiskeli alikumbuka ana mgonjwa. Muuza rangi alishusha mlango wake nusu akapenya chini yake kama panya. Mchonga vitanda alibaki, lakini alijifanya mteja. Akawa anapapasa kitanda chake mwenyewe na kuuliza kwa sauti kama mwenye duka yupo. Daftari na mwendo wa haraka: kila mtu alijua huyo ni wa kodi.

Mama Kochi hakukimbia. Si kwamba hakuogopa, huenda aliogopa kuliko wote. Lakini mdomoni alikuwa amebana pini saba, mapajani alikuwa na kiti kizima cha kochi la watu watatu, na miguu yake ilikuwa na tabia aliyoijua tangu usichana wake: ikishikwa na hofu, hugoma.

"Mimi si wa kodi," mgeni alisema akiwa bado mlangoni. "Ningekuwa wa kodi ningekuja na gari. Mimi ni katibu wa chemba, umoja wa wafanyabiashara. Nimetembea toka asubuhi na hakuna hata mmoja aliyenipa kiti, na hapa naona viti vimejaa."

Binti yake Mama Kochi, aliyekuwa kwenye cherehani akishona foronya, aliangua kicheko. Mama Kochi alitoa pini mdomoni moja moja, akamsogezea mgeni kiti.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa anatengeneza makochi na kuyavika nguo mpya yale yaliyochakaa, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe, ambaye alianza na viti vya magari. Mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita, mwenye nyumba alitaka chumba chake, na Mama Kochi akabaki na mashine, marundo ya sponji na mtoto wa kike, hana pa kuviweka. Aliyemwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi vyuma. Aliigawa karakana yake katikati kwa mbao nyembamba na mabati ya zamani, akamwambia, "Shemeji, ingia. Kaka angekuwa hai angenifanyia hivyo." Hakuwahi kumdai kitu, wala hakuwahi kulikumbusha jambo hilo. Hilo ndilo lililolifanya deni liwe zito.

Ukuta ule haukufika juu. Kati yake na paa palibaki uwazi wa kama mkono, na shemeji alipokuwa anakata bomba au kuchomelea geti, cheche ziliruka, zikaonekana upande wa pili, nyekundu, zikazimika hewani kabla hazijatua. Mara nyingi zilizimika. Mama Kochi alikuwa amejifunza kushona huku jicho moja liko juu. Sponji, nyuzi, gundi, vitambaa: hakuna kitu katika chumba kile ambacho moto usingekipenda.

Katibu alikuwa na habari njema. Kulikuwa na hospitali mpya iliyotaka viti sabini vya kusubiria. Kampuni moja kubwa ingeweza kuvileta vyote kutoka mbali, lakini chemba iliwafuata wakuu wa hospitali na kuwaomba kazi igawanywe kwa mafundi wadogo wa pale pale mjini. Wakubwa walikubali, kwa masharti: fundi awe amesajiliwa, alete kiti cha mfano, na ajaze fomu ya usalama wa karakana yake.

"Mimi nilidhani chemba ni ya wenye tai," Mama Kochi alisema.

"Wapo wenye tai. Na yupo mama anayeuza vifungo. Usajili tutakusaidia, fomu tutakaa pamoja tuijaze. Mtu wa fremu za chuma unaye?"

Nyuma ya mabati mashine ya kukatia vyuma ilinguruma, kama vile imeitwa jina.

Basi siku ya kujaza fomu walikwenda wote wawili, Mama Kochi na shemeji yake. Ofisi ya chemba ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Mle chumbani mlikuwa na meza ndefu, kalamu zilizofungwa kwa uzi zisiibiwe, na watu kama ishirini waliojikunja kama wanafunzi wa mtihani. Katibu alisoma maswali kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa ajili ya wale ambao macho au shule havikuwatosha. Alieleza kila neno. Swali la nne lilihusu nyaya za umeme. La saba, njia ya kutokea.

"La tisa," alisema. "Je, ndani ya hatua kumi kutoka karakana yako kuna kazi ya moto au cheche? Ndiyo, hapana."

Mama Kochi aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Shemeji alikaa kulia kwake, bega kwa bega. Hakumtazama, ila mkono wake mkubwa wenye makovu ulikuwa umesimama juu ya karatasi, hauandiki. Mama Kochi alijua kwenye fomu ya shemeji, ya kazi za vyuma, swali lilikuwa lile lile limegeuzwa: je, karibu na kazi yako ya moto kuna vitu vinavyoshika moto upesi?

Akiandika ndiyo, wanakuja kukagua. Wakija, wanafunga. Na wakifunga hawafungi upande wake tu.

Aliandika hapana. Alisikia kalamu ya pembeni ikikwaruza, neno fupi, urefu ule ule. Wakashuka ngazi. Chini, shemeji alimuuliza kama ana kiu, akasema hana. Njia nzima walizungumza habari za bei ya mbao.

Wiki iliyofuata chemba iliwaita tena. Safari hii ilikuwa mafunzo ya bure, yaliyotolewa na mtu wa zimamoto ambaye wote walimwita Afande, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliwakusanya kwenye uwanja wa nyuma. Aliwaonyesha jinsi ya kushika mtungi wa kuzimia moto, na jinsi ya kuzima kwa mchanga kwa wasio na mtungi. Kisha akatia kipande cha sponji, si kikubwa kuliko mto wa kulalia, ndani ya pipa lililokatwa nusu, akawasha kiberiti.

"Hesabuni," alisema.

Hawakufika kumi. Moto ulisimama kama mtu aliyekaa akakurupuka, na moshi mweusi, mzito, wenye utando, ukajiviringisha juu. "Huu moshi ndio unaoua," Afande alikuwa anasema. "Moto unafika umechelewa, unakukuta umeshalala. Chumba chenye makochi mawili, dakika mbili, mimi mwenyewe siingii bila…"

Mama Kochi hakusikia mwisho wake. Alipopata fahamu za kujua alipo, alikuwa kwenye geti, ameshikilia nondo zake kwa mikono yote miwili, na katibu alikuwa amesimama pembeni anamwita dada, dada, taratibu, kama anavyoitwa mtu anayetembea usingizini.

Waliketi kwenye ukingo wa mtaro. Harufu ilikuwa bado inawafuata.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Mama Kochi alisema bila kuulizwa. "Kiwanda cha magodoro. Mlango wa nyuma walikuwa wanaufunga kwa kufuli tusiibe vitambaa. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Hakuna kingine. Si akili, si nguvu. Nilikuwa karibu na dirisha. Rafiki yangu alikuwa ameenda kunichukulia mkasi."

Katibu hakusema pole upesi kama watu wanavyofanya wakitaka habari iishe. Alikaa. Baada ya muda akauliza, kwa upole, "Na karakana yako, dada? Pale ni salama?"

"Ni salama," Mama Kochi alisema.

Usiku huo na uliofuata usingizi ulimpaa. Alikuwa mtu wa hofu miaka yote, lakini hofu ya zamani alikuwa ameizoea kama goti linalouma wakati wa baridi. Hii ilikuwa mpya. Ilikuwa na maandishi yake mwenyewe na sahihi yake chini. Akamlazimisha binti yake kufanya mazoezi ya kutoka nje mbio, mara tatu kwa siku, mpaka yule binti akawa anatoka huku anacheka na kuwapungia wapita njia. Alijaza ndoo mbili za mchanga akaziweka karibu na mlango. Kwa shemeji hakusema neno. Kiti cha mfano walikitengeneza pamoja, chuma chake na sponji yake, na kilikuwa kizuri. Katibu alikikalia, akakipiga konzi, akasema hospitali haitapata kingine kama hicho.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa nne ya asubuhi. Shemeji alikuwa anakata mabomba ya fremu. Binti alikuwa ameinama ndani kabisa, nyuma ya kochi lililosimamishwa wima, anapiga pini kwenye kitambaa. Mama Kochi alikuwa anapima sponji kwa futi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatazama juu.

Pua yake ilijua kabla yake. Harufu kidogo, tamu-chungu, ya kitu kinachofikiria kuungua.

Gunia la vipande vya sponji lilikuwa katikati ya chumba, kati ya binti na mlango. Kwenye mdomo wake palikuwa na doa jekundu, dogo kama kifungo cha shati. Alilitazama. Likawa kama sahani. Miguu ikafanya kile alichojua itafanya: ikagoma.

"Toka nje," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kavu.

"Mama, si tumeshafanya asubuhi," binti alijibu, anacheka, bado ameinama.

"Mwanangu. Toka."

Binti aliinua kichwa akaona ulimi wa kwanza wa moto, na moshi ukianza kukunja shingo. Hakutoka. Alirudi nyuma, akagusa ukuta, na kwenye uso wake Mama Kochi akaona kitu ambacho kilimfungua miguu kwa nguvu kuliko amri yoyote. Alilishika gunia kwa chini, upande ambao haujawaka, akaliburuta kinyumenyume hadi nje, likawa linamwagika moto njiani kama uji. Kipande kimoja kiligusa mkono wake, kikanata. Alilisukuma kwenye vumbi, akamimina ndoo ya mchanga, akachukua ya pili, akarudi ndani, akazima vile vilivyodondoka, kimoja kimoja, akivihesabu kwa mdomo. Kisha akasimama. Binti alimpita akatoka nje, akakaa chini, akaanza kulia bila sauti.

Mashine ya upande wa pili ilinyamaza. Shemeji alitokeza akiwa na miwani yake ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso. Alitazama rundo la mchanga linalofuka, akamtazama mtoto wa kaka yake, akautazama mkono wa shemeji yake, ulioanza kuvimba.

"Ni kitu kidogo," alisema. "Shemeji, kimezimika. Tusiwaambie watu. Ukiwaambia, tumekwisha, mimi na wewe."

Alikwenda kuleta maji, yeye mwenyewe akammwagia mkononi kwa kopo, polepole.

Mchana ule ule Mama Kochi alipanda ngazi za juu ya duka la dawa, mkono umefungwa kitambaa, nguo zinanuka moshi kiasi kwamba watu kwenye ngazi walimpisha. Alipofika mlangoni karibu ageuke. Alijiona anamvua shemeji yake shati mgongoni, yule yule aliyemvika.

"Swali la tisa," alimwambia katibu, bila hata salamu. "Nilidanganya. Tulidanganya."

Katibu alifunga alichokuwa anaandika. Aliusikiliza mkasa wote, akaomba aone mkono, akamwambia aende akatibiwe kwanza. Kisha akasema yale ambayo Mama Kochi aliyaogopa.

"Fomu zenu nitaziondoa kwenye faili la hospitali leo. Zote mbili. Siwezi kuziacha, nimeshajua."

"Watakuja kufunga?"

"Mimi sifungi mtu. Chemba haina polisi. Lakini lazima Afande aje aone. Shemeji yako, nimwambie mimi?"

Mama Kochi alilitamani jibu la ndiyo kama mtu mwenye kiu. "Hapana," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Alimkuta anafagia, kazi ambayo hajawahi kumwona akiifanya. Alimwambia akiwa amesimama kwenye kizingiti, kwa maneno machache, asije akapata nafasi ya kuyapamba. Shemeji aliendelea kufagia mahali pamoja.

"Mimi nilikupa chumba," alisema hatimaye.

"Ulinipa."

"Na wewe umenipa hiki."

"Mtoto wa kaka yako alikuwa nyuma ya kochi, shemeji."

Aliweka ufagio ukutani, akavaa shati lake, akaondoka. Kwa siku kumi na tisa hakumsemesha. Alifungua asubuhi, akafanya kazi ndogo za nyundo tu, mashine ya kukatia hakuiwasha hata mara moja, na jioni alifunga. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kuna nini kati yao, akaambiwa hakuna kitu, akasema basi hicho kisicho kitu kimefika mpaka kwake. Kila asubuhi Mama Kochi alipokaribia karakana aliangalia kwanza kama vitu vyake vimetolewa nje. Hakuogopa moto siku zile. Aliogopa kufuli.

Afande alikuja, pamoja na katibu na daftari lake. Safari hii mafundi hawakukimbia, kwani habari za gunia zilikuwa zimeshazunguka na kila mmoja alikuwa na la kwake rohoni. Muuza rangi mwenyewe ndiye aliyemwita Afande aone petroli anayoificha chini ya meza ya duka. Walipomaliza, karakana saba kati ya kumi na mbili zilikuwa na kasoro kama yao au mbaya zaidi. Afande alisema sheria inamruhusu kuzifunga zote saba kesho asubuhi. Katibu alimwomba wiki sita.

Na katika wiki hizo sita Mama Kochi aliona chemba ni nini hasa. Mwanachama mmoja mwenye kiwanda cha matofali alitoa matofali kwa bei ya kiwandani, kwa safu nzima kwa pamoja. Katibu alikwenda mara nne kwa mwenye majengo, ambaye mwanzo alikataa hata kufungua mlango, mpaka akakubali kuta zijengwe na kila chumba kitobolewe mlango wa nyuma. Mitungi ya kuzimia moto ilinunuliwa kwa jumla. Halmashauri iliandikiwa barua, ikajibu, ikaandikiwa tena. Hakuna kilichotokea kwa haraka, na mambo mawili yaliyoahidiwa hayakutokea kabisa. Lakini ukuta ulisimama, tofali juu ya tofali, hadi kwenye paa.

Siku ya ishirini ya ule ukimya, ukuta ukiwa bado unajengwa, shemeji alikuja kwa mlango wa mbele akiwa amebeba mlango mwingine begani, wa chuma, uliopakwa rangi ya kijivu. Hakusalimu. Alipita katikati ya makochi hadi kwenye tundu walilotoboa waashi, akaufunga bawaba, akaupaka grisi. Kazi ya saa nzima.

"Unafungukia nje," alisema. "Ndani hauna kufuli. Ni komeo tu, hata kiwiko kinasukuma. Jaribu."

Mama Kochi aliusukuma kwa kiwiko. Mlango ulifunguka bila kelele, mwanga wa uwanja wa nyuma ukaingia mpaka kwenye cherehani. Alibaki amesimama pale na komeo mkononi, na hakugeuka upesi kwa sababu hakutaka amwone uso.

"Umepoteza siku nzima ya kazi," alisema.

"Kazi ipi," shemeji alisema, "si umenifukuzia hospitali." Lakini alisema kama mtu anayetania, na binti alikimbilia kununua soda tatu kabla hali haijabadilika.

Hospitali haikuwasubiri. Viti hamsini vilikwenda kwa mafundi wa upande mwingine wa mji. Vilivyobaki ishirini katibu alivipigania, na fomu zao mpya zilipopelekwa, zimejazwa upya na sahihi ya Afande chini, walipewa hivyo. Walivimaliza kwa mwezi mmoja. Mama Kochi hakudai kwamba hasara ile haikumuuma; iliwauma wote, na mwaka ule binti aliahirisha harusi yake.

Ukuta nao ulikuja na hofu yake, ambayo hakuitegemea. Zamani alikuwa anaziona cheche na kuisikia mashine, akajua saa ya kutazama juu. Sasa upande wa pili palikuwa kimya kama kaburi. Alikuwa anashona, mara mkono unasimama hewani: mbona simsikii? Amekatwa na kitu? Ameanguka? Moto umeanzia kule na mimi nimekaa hapa? Basi huacha sindano, huzunguka nje, huchungulia, humkuta shemeji yake mzima wa afya amekunja shingo juu ya geti la mtu. "Nilikuwa napita tu," husema, na kurudi. Mara tatu kwa siku, nne, siku nyingine sita.

Mwisho shemeji alichoka kushtuka. Alichukua mabaki ya bomba, akamuundia kigoda, akakiweka ndani ya karakana yake, pembeni, mbali na cheche. Binti akakishonea mto. Mama Kochi akipatwa na ile hofu yake huenda na kukaa pale dakika tano, mikono mapajani, anatazama, hadi moyo urudi mahali pake. Kisha hunyanyuka na kurudi kwenye kazi yake.